Miungu Watano wa Chalion, na Shida ya Jina la wa Tano

Kurasa kama hizi zimezoea kupokea habari za desturi za watu walio hai, au waliopata kuwa hai zamani. Leo naomba nafasi nieleze dini ya watu wasiopata kuwako kamwe, maana wamebuniwa na mtunzi mmoja wa Marekani, Lois McMaster Bujold, aliyezaliwa mwaka 1949. Kitabu chake The Curse of Chalion kilitoka mwaka 2001. Paladin of Souls kikafuata mwaka 2003, nacho kikapata tuzo ya Hugo mwaka 2004. Na The Hallowed Hunt kikatoka mwaka 2005. Tangu mwaka 2015 ameongeza hadithi nyingine fupi za ulimwengu uo huo. Mwenzangu mmoja, mwalimu wa dini, alipokiona kile cha kwanza mezani pangu alikilaza kifudifudi, akasema kwamba shule haina haja ya miungu wapya. Sikumjibu siku ile. Maneno haya ndiyo jibu langu, ijapokuwa simwambii kwamba amekosa kabisa.

Watu wa Chalion huabudu miungu watano, na kazi ya hao watano ni kuulinda uhai wa binadamu kwa kupokezana. Binti hulinda wasichana na mwanzo wa mambo. Mama hulinda uzazi na uponyaji, na wakunga na waganga ni watu wake. Mwana hulinda vijana wa kiume, uwindaji na vita. Baba hulinda haki, waamuzi, na kufa kwa mtu aliyeshiba siku. Wa tano nitamtaja mbele. Kila mmoja ana rangi yake na chama cha watumishi wake. Mtu akifa, kila chama huleta mnyama au ndege mtakatifu karibu na maiti, na kwa ishara ya mnyama mmoja hujulikana ni mungu gani ameipokea roho. Hakuna mahubiri marefu kaburini. Jamaa wanasimama, wanangoja ndege aruke au mbwa alale chini, na wakiisha kuona wanakwenda zao wakijua ndugu yao yuko kwa nani. Mimi nimesimama makaburini mara nyingi pamoja na watu wa imani yetu wenyewe, na nakiri kwamba sehemu hii nilipoisoma nililaza kitabu nikakaa kimya kitambo.

Kabla ya kwenda mbele lazima niseme neno juu ya lugha, kwa kuwa mfasiri atakayekigusa kitabu hiki atakwama katika ukurasa wa kwanza. Je, aandike “miungu mitano” au “miungu watano”? Katika Maandiko yetu tumezoea “miungu mingine”, upatanisho wa miti na milima, na si bila maana, kwa sababu huko zatajwa sanamu zisizosema wala kusikia. Lakini miungu wa Bujold husema, huhuzunika, na husubiri. Nimechagua “watano”. Mwenzangu atasema kwamba kwa herufi mbili hizo nimekwisha kuwapa heshima nyingi mno. Huenda. Lakini mfasiri atakayeandika “mitano” atakuwa amekwisha kukihukumu kitabu kabla msomaji hajakifungua.

Shida ya pili ni majira. Kila mmoja wa wale wanne wa kwanza ana majira yake ya mwaka wa Ulaya, na maisha ya mtu hupita katika hayo kama mwaka upitavyo: usichana wakati wa kuchipua, uzazi wakati wa joto, ujana wa kiume wakati wa kupukutika majani, uzee wakati wa baridi. Vitabu vya shule hufasiri masika, kiangazi, vuli, kipupwe, na mtoto huyakariri bila kuuliza. Basi mwambie mkulima wa kwetu habari za Binti wa Masika, Mama wa Kiangazi, Mwana wa Vuli na Baba wa Kipupwe. Yeye ajua kwamba masika yakiisha kinakuja kipupwe, kisha vuli, kisha kiangazi. Kwa hesabu yake msichana huyu anazeeka na kufa kabla hajazaa! Mpango wote wa dini waharibika kwa sababu ya maneno manne yaliyo sahihi katika kamusi. Ni afadhali kuyaacha majira na kushika umri: Binti, Mama, Mwana, Baba. Hata “Mwana” lina taabu yake. Padre akilisikia karibu na “Baba” mawazo yake yatakwenda penginepo, na mtu wa pwani atakumbuka kwamba Mwana ni jina la heshima la bibi mkubwa. Labda “Kijana” lafaa zaidi, nami nitalitumia toka hapa.

Sasa niseme kwa nini dini hii ya kubuni yaonekana kuwa dini, hali dini nyingi za hadithi za namna hii ni orodha tu ya majina na ngurumo. Bujold amewanyima miungu wake nguvu ya mkono. Hawawezi kuinua hata kijiwe katika dunia ya vitu vinavyoshikika, wala kumlazimisha mtu yeyote. Waweza kuingia duniani kwa njia moja tu, yaani mtu akikubali kuwapisha. Katika kitabu cha kwanza Umegat, mtunza wanyama wa mfalme, amfundisha jambo hili Cazaril, shujaa wa hadithi, kwa kikombe na divai: kikombe kilichofudikizwa hakipokei kitu, hata ukimimina mtungi mzima. Mtakatifu kwao si mtu mwema kuliko wengine. Ni mtu aliyejiacha wazi. Kwa sababu hiyo ulinzi wa miungu hao ni ulinzi wa kuomba ruhusa. Cazaril afika kwa miguu yake mwenyewe, askari aliyevunjika, aliyepigwa katika utumwa wa makasia, asiyetaka ila kazi ndogo jikoni. Baadaye aanza kutambua kwamba huenda miungu walituma wengi njia ile, nao wakageuka mmoja mmoja, na yeye ni yule tu aliyefika.

Hapo ndipo ninapompinga mwenzangu. Yeye aliogopa kwamba vijana watajifunza kuabudu wengi. Mimi naona kwamba kijana akisoma vizuri atajifunza kwanza jambo jingine: kwamba anayelindwa ana sehemu yake katika kulindwa. Wangapi kati yetu twafundisha hivyo?

Basi nije kwa wa tano. Kwa Kiingereza jina lake ni Bastard. Alizaliwa kwa Mama, nje ya majira, naye ni mungu wa kila kitu kisichokuja kwa wakati wake: msiba wa ghafula, mtoto asiye na baba, kahaba, mnyongaji, wanaume wapendao wanaume, panya na kunguru, na hata pepo, ambao kazi yake ni kuwakusanya na kuwarudisha kwao. Chama chake ndicho kinacholea watoto waliotupwa. Rangi yake ni nyeupe. Nao husema kwamba roho isiyopokewa na yeyote kati ya wale wanne, huyu aweza kuipokea.

Wale wanne wamegawana maisha yaliyonyooka, lakini ni nani katika sisi ambaye maisha yake yamenyooka? Bibi arusi hufa kabla ya kuzaa, mzee huzika wajukuu, mtoto huja pasipo kuitwa. Walinzi wanne wangelinda kalenda tu. Mtu mwenyewe angebaki nje. Mtunzi alilijua hili, kwa maana jirani na Chalion ameweka watu wa visiwa, Waroknari, wanaokiri wanne tu na kumhesabu wa tano kuwa pepo. Wakimkamata mfuasi wake humkata ulimi na vidole gumba, kwa kuwa gumba ndilo kidole cha mungu huyo. Daris, msaidizi wa Umegat, ni mtu aliyekatwa hivyo. Tunamwona akifanya kazi yake ya kulisha wanyama kwa mikono isiyoweza kushika vema. Mtunzi hatuhubirii hapo. Atuonyesha mkono ule tu, kisha aendelea na hadithi. (Katika Kiswahili hili lapata nguvu ambayo mtunzi hakuikusudia, maana neno gumba latukumbusha mgumba, mtu asiye na mtoto.)

Naomba radhi nitaje jambo langu mwenyewe. Mwanzo wa ualimu wangu, katika shule moja ambayo sitaitaja, daftari la majina lilikuwa na safu ya jina la baba. Mvulana mmoja wa darasa langu safu yake ilikuwa tupu. Siku ya ukaguzi mkubwa mmoja alisoma majina kwa sauti, akafika pale, akatua, akalitamka lile neno mbele ya watoto arobaini. Hakulitamka kwa hasira. Alilitamka kama mtu ajazaye nafasi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ubao, sikusema kitu. Mvulana alikuja shule juma lile hata likaisha, kisha hakuja tena. Nilipokuwa nikisoma habari za chama cha watu wenye mavazi meupe waendao kuokota watoto waliotupwa, sikuweza kusoma kama mhakiki tu, na msomaji apunguze katika sifa zangu kadiri aonavyo haki.

Sifa si zote. Kosa kubwa la kitabu cha kwanza ni Waroknari wenyewe. Mtunzi ameichota hadithi yake katika Hispania ya karne ya 15: binti mfalme Iselle na mchumba wake Bergon ni kivuli cha Isabella wa Castile na Ferdinand wa Aragon, waliooana mwaka 1469 na kuitwaa Granada mwaka 1492; na Ista, mama anayedhaniwa kuwa na wazimu, ni kivuli cha mama yake Isabella, aliyefia Arévalo mwaka 1496. Ameigeuza ramani, kusini kukawa upande wa baridi, lakini mahali pa Waislamu wa Hispania pamebaki pale pale, na waliowekwa pale ni wakata ndimi. Mimi nimekua na majirani Waislamu, tumezikana na kulishana. Siwezi kuipita picha hiyo bila kukunja uso. Kweli, Umegat naye ni Mroknari kwa kuzaliwa, na katika watu wote wa kitabu hakuna aliye na hekima kumpita. Lakini mtu mmoja mwema aliyekimbia kwao hatoshi kuwasafisha waliobaki. Na Wakristo wa Hispania, ambao waliwafukuza Wayahudi mwaka ule ule wa 1492, wamepata kivuli cheupe kuliko walivyostahili.

Kosa jingine ni dogo zaidi. Katika vitabu vitatu vya kwanza Binti ana chake, Kijana ana chake, na wa tano ana kile kilicho bora kuliko vyote, ambamo Ista, mjane aliyewachukia miungu wote kwa haki kabisa, aitwa na huyo asiyeheshimiwa. Baba na Mama hawana chao. Mungu wa haki na mungu wa uzazi wabaki kama wazee waliokaa barazani, wanaamkiwa na kupitwa. Na katika The Hallowed Hunt, ambamo roho za wapiganaji wa kale zimefungwa katika ardhi bila kupokewa na mungu yeyote, nilitaraji kumsikia Baba. Msomaji asidhani roho hizo ni kama mizimu ya wazee wetu, ambao hutajwa na kutambikiwa. Zile hazina wa kuzitaja, na kidogo kidogo zajisahau zenyewe. Ni wazo lenye kutisha, nalo lilistahili nafasi kubwa zaidi.

Yabaki jina. Mfasiri mwenye adabu ataandika “Mtoto wa Nje”, au “Asiye na Baba”, au “Yatima”. Nimeyajaribu yote kwa sauti. “Yatima” si kweli, maana mama yake yu hai na ni mungu. “Asiye na Baba” ni fumbo. “Mtoto wa Nje” ni upole wa watu wa mjini. Watu wa Chalion wenyewe huapa na kutukana kwa jina la mungu huyu, kisha wakipatwa na msiba humwita kwa jina lilo hilo. Tukililainisha, tumemkata ulimi kama Waroknari. Kwa hiyo neno ni lile lililotamkwa katika darasa langu, ila liandikwe kwa herufi kubwa: Mwanaharamu. Nawaomba mapadre na walimu wasilipime kwa macho. Na walisome kwa sauti mahali pale pa maziko, wakati wanyama wanne wamekataa kusogea na kunguru mweupe ameshuka juu ya kifua cha maiti, na mtumishi wa hekalu ageuka kuwaambia jamaa: “Mwanaharamu amempokea.”