Ukumbusho na Makumbusho: Mamba Muntu wa Lubumbashi na Mitungi ya Wagiriki

Aghalabu picha ya kisasili hupimwa kwa matini: je, mchoraji ameifuata hadithi au ameiacha? Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho hakiifai picha ya mamba muntu, iliyopamba sebule nyingi za Lubumbashi, hasa katika miaka ya 1960 na 1970. Mfano wa mitungi ya Wagiriki wa kale unasaidia kulifafanua dai hilo.

Exekias alikuwa mfinyanzi na mchoraji wa Athens katika karne ya 6 K.K. Kwenye mtungi wake ulioko katika Makumbusho ya Vatikani, Achilles na Ajax wanacheza mchezo wa ubao huku wameshika mikuki. Kando ya vinywa vyao yameandikwa maneno: Achilles anataja nne, Ajax tatu. Miongoni mwa tungo za kale zilizobaki, hakuna inayosimulia mchezo huo. Hata hivyo, mtazamaji wa zamani zile alijua kwamba wote wawili watafia Troy, na kwamba huyu mwenye nne ndiye atakayetangulia. Hayo hayamo katika mchoro. Yumo nayo mtazamaji, naye huyasema mbele ya wenzake wanywao divai.

Mamba muntu naye hana matini moja inayomtawala. Katika masimulizi mengi, mtu aliyepata unywele wake au kitu chake kingine hutokewa naye ndotoni, akaahidiwa utajiri kwa sharti la kutunza siri. Na mara nyingine malipo ni uhai wa ndugu. Lakini mchoraji haonyeshi ndoto, wala fedha, wala maiti. Huchora mwanamke mwenye nywele ndefu, aliyeketi ukingoni mwa maji, nyoka akiwa karibu naye, na pengine saa mkononi. Macho yake humwelekea mtazamaji. Hapa ndipo anapotofautiana na mashujaa wa Exekias, ambao wameinamia ubao wao. Mwenye nyumba anayeitazama picha hii amewekwa mahali pa yule mwenye kushawishiwa. Lau mchoraji angemwongeza mwanamume na mali yake, mtazamaji angebaki shahidi tu.

Jina lenyewe linathibitisha kwamba picha haitegemei neno. Mamba ni mnyama wa mtoni mwenye miguu minne, na muntu ni umbo la Katanga la neno ambalo Kiswahili sanifu hulitamka mtu. Lakini sehemu ya chini ya mwanamke huyu huchorwa mkia wa samaki. Jina lasema mamba, mchoro wasema samaki, na wanaotazama hawasumbuliwi na hitilafu hiyo, kwa kuwa kinachoviunganisha ni usimulizi. Katalogi za Kifaransa zinapomwita sirène, huifuta hitilafu hiyo na kumhamishia katika kisasili cha watu wengine.

Wachoraji wa Katanga walikuwa na istilahi yao: ukumbusho. Neno hili limetokana na kitenzi kumbusha, ambacho kwa mnyambuliko wake hudai mtu wa pili, yaani mwenye kukumbuka. Pasipo mtu huyo, picha hubaki rangi juu ya kitambaa. Ndiyo sababu kazi ya Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, ina thamani ya pekee. Alipochora historia ya Zaire katika takriban picha 100, miaka ya 1973 na 1974, alimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha Katanga, na maelezo hayo yakarekodiwa. Kitabu cha Fabian cha mwaka 1996 kiliweka picha na usemi pamoja.

Picha nyingi za mamba muntu hazikupata bahati hiyo. Nyingine zimefika katika makumbusho ya Ulaya zikiwa na jina la mchoraji na vipimo vya kitambaa, bila neno la aliyezitundika ukutani kwake. Mitungi mingi ya Kigiriki iliyofukuliwa makaburini Italia ilipatwa na jambo hilo hilo, na hakuna awezaye tena kuwauliza wanywaji wake. Lubumbashi bado wapo wazee walioishi na picha hizi. Kuyarekodi masimulizi yao kwa Kiswahili chao wenyewe, kabla hawajaondoka, ni sehemu ya uhakiki wa picha hizo, wala si kazi ya ziada.