Ragamala: picha za sauti au picha za neno?

Ragamala, yaani koja la raga, ni mfululizo wa picha ndogo za Kihindi zilizochorwa juu ya karatasi, aghalabu 36: raga sita za kiume, kila moja na wake zake watano waitwao ragini. Raga yenyewe ni mpango wa sauti ambao mwimbaji huujengea wimbo wake. Wahakiki wengi hurudia kusema kwamba katika picha hizo muziki umeonekana kwa macho. Usemi huo wapendeza, lakini waruka daraja moja, nalo ni ushairi.

Na itazamwe ragini Todi. Mwanamke amesimama porini, ameshika vina, ala ya nyuzi, na paa wamemzunguka wakisikiliza. Hakuna hapo dalili yoyote ya sauti ipi ipande na ipi ishuke. Mpigaji hawezi kujifunza Todi kwa kuitazama. Mchoraji alifuata ubeti, ambao mara nyingi umeandikwa juu ya picha yenyewe. Ubeti ndio ulioifanya raga iwe mtu, mwenye umbo, mavazi na majonzi yake.

Ushahidi mzito watoka Chunar, karibu na Banaras. Huko, mwaka 1591, wachoraji waliofunzwa na mabingwa wa karakana ya wafalme wa Mughal walimaliza mfululizo ambao wenzao wa Bundi na Kota waliuiga kwa vizazi kadhaa. Umbo lilipita kutoka karatasi hadi karatasi, bila kulazimika kupitia sikioni. Muziki nao ulishika njia yake: mwanzoni mwa karne ya 20 V. N. Bhatkhande alizipanga raga katika makundi 10 kwa kufuata sauti zake, akauacha kando mpango wa waume na wake.

Hata hivyo, kuutoa muziki nje kabisa kungekuwa kosa la pili. Raga ina saa yake na majira yake, na hayo mchoraji aliyajua vema. Bhairavi huimbwa asubuhi. Katika picha, mwanamke yumo katika ibada mbele ya madhabahu ya Shiva. Megh ni raga ya masika: Krishna acheza chini ya mawingu meusi, na wanawake wapiga ngoma kandoni mwake. Sauti ya ngoma hizo haisikiki, lakini mtazamaji ajua kwamba mvua i karibu, na mwimbaji wa Megh hutaka msikilizaji wake ajue hilohilo.