Kumchuma Palmer Kabla Hajaiva

Mnunuzi wa parachichi anayeingia shambani Lufingo, Rungwe, hatafuti tunda lililolainika. Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa pale juu, kuiva ni baada ya kuchumwa. Anayeijua kazi hutazama ukubwa, ngozi na kikonyo, kisha analichuma likiwa gumu kama jiwe. Anayesubiri mpaka libonyee atakuta mwenzake keshapita.

Kwa jicho hilohilo tuchambue jambo linalozua ubishi vijiweni kila wiki ya Ligi Kuu ya England: namna ya kumpata winga wa maana kutoka kapu la wachezaji huru kwenye Draft ya Fantasy Premier League (FPL), mchezo wa kujiundia kikosi kwa wachezaji halisi wa ligi hiyo.

Wengi wamezoea FPL ya kawaida, ile ya bajeti ya pauni milioni 100, ambamo watu milioni wanaweza kummiliki mchezaji yuleyule kwa wakati mmoja. Draft haina bajeti. Kila mchezaji ana mwenyewe mmoja tu katika ligi yenu, na asiyechukuliwa anabaki kapuni. Mkiwa 8, kila mtu na wachezaji wake 15, yaani makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, tayari viungo 40 wamekwenda. Timu ziko 20. Ukikadiria kila timu ina viungo wawili wa kushambulia wasiokosa namba, hao wote wamekwisha siku ya kugawana. Kapuni wamebaki wa aina tatu: majeruhi, wa benchi, na wale ambao dunia bado haijawajua. Kazi yote ni kuwatambua hao wa tatu.

Na winga ndiye wa kutafutwa kwa sababu ya hesabu. Wengi wao FPL huwaandika kama viungo, na bao la kiungo ni pointi 5 wakati la mshambuliaji ni 4. Asisti ni 3 kwa wote, na timu isipofungwa kiungo aliyecheza dakika 60 au zaidi anaongezwa 1. Winga anayeingia kwenye boksi kama straika, huku kwenye karatasi akiitwa kiungo, ni mali.

Mfano wa kusomea ni Cole Palmer, msimu wa 2023/24. Agosti ulipoanza alikuwa Manchester City, kijana wa benchi. Alifunga kwenye Ngao ya Jamii dhidi ya Arsenal na kwenye Super Cup ya UEFA dhidi ya Sevilla, lakini mechi hizo hazina pointi za FPL, watu wakapita. Septemba 1, siku ya mwisho ya usajili, akahamia Chelsea. Wiki zilizofuata alikuwa akiingia akitokea benchi. Oktoba 2 ndipo akaanza mechi ya ligi kwa mara ya kwanza, ugenini kwa Fulham. Oktoba 7, kwa Burnley, Chelsea ikapata penalti na Palmer akauchukua mpira, akaweka, akafunga.

Hapo ndipo wengi tulipokosea, na mimi nimo. Tulisema, "Ah, bao la penalti tu." Ligi ikasimama kupisha timu za taifa, tukawa na wiki mbili nzima za kufikiri, na hatukufikiri. Oktoba 21 akafunga dhidi ya Arsenal: penalti. Novemba 6, kwa Tottenham: penalti. Novemba 12, sare ya 4–4 na City, dakika za nyongeza, mbele ya waajiri wake wa zamani: penalti tena. Mabao yake manne ya kwanza ya ligi yote ni ya penalti. La kwanza la mchezo wa kawaida lilikuja Desemba.

Tulilisoma jambo kinyume. Bao la shuti la mbali lililogonga mwamba likaingia ndilo la bahati; wiki ijayo huenda lisirudi. Penalti ni cheo. Timu iliyojaa wachezaji wa bei kali inapompa mpira kijana wa miaka 21, kocha na wenzake wamekwambia wanamuonaje. Palmer alimaliza na mabao 22 na asisti 11, akaongoza viungo na washambuliaji wote wa FPL kwa pointi 244. Penalti zilikuwa 9: pointi 45 kabla hujahesabu bonasi.

Mambo yaliyopaswa kutushtua yalikuwa wazi: amehama kutoka benchi kwenda timu yenye nafasi, ameanza kupewa dakika, amekabidhiwa mipira iliyokufa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kusubiri mabao kumi. Bryan Mbeumo, wakati huo akiwa Brentford, alikuja na somo hilohilo msimu uliofuata. Mshambuliaji wao Ivan Toney alipoondoka kwenda Saudi Arabia mwishoni mwa Agosti 2024, Mbeumo aliyeandikwa kiungo akarithi penalti, akamaliza na mabao 20 ya ligi. Mfungaji mkuu akiondoka, usilie naye. Uliza nani anarithi.

Wamarekani, ambao ndio walioanzisha michezo hii kwa mpira wao wa mikono na kofia ngumu, wana kanuni inayofanana. Wakiwinda wapokeaji wa pembeni kutoka kapuni, hawahesabu tu mipira aliyodaka mtu. Wanahesabu mara ngapi alirushiwa. Kurushiwa mara kumi ukadaka mitatu ni dalili njema kuliko kurushiwa mara moja ukafunga. Kwetu sisi hesabu hiyo ni mashuti, miguso ndani ya boksi, kona na frikiki.

Kosa la pili ni kudharau timu ndogo. Watu wa Rungwe hatuna kisingizio hapo: Tukuyu Stars ndiyo iliyotoka chini ikawa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, mbele ya wakubwa wa Kariakoo. Leicester ilipofanya hivyo msimu wa 2015/16, winga wake Riyad Mahrez alianza akiwa na bei ya milioni 5.5 tu kwenye FPL, akamaliza na mabao 17, asisti 11 na pointi 240. Angekuwa amevaa jezi ya timu kubwa, asingebaki kapuni hata siku moja.

Kosa la tatu ni la moyo. Januari 2020 Mbwana Samatta alipotua Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile, nani hapa kwetu hakumtaka? Februari 1 akafunga kwa kichwa dhidi ya Bournemouth, vibanda umiza vikalipuka. Lakini Villa ilikuwa inapigania kutoshuka, nafasi zilikuwa haba, na bao hilo likabaki peke yake katika mechi zake 14 za ligi. Mshangilie ndugu yako kwa sauti yote. Kumsajili ni hesabu nyingine.

Sasa foleni. Maombi ya wachezaji wa kapuni hushughulikiwa saa 24 kabla ya dirisha la wiki kufungwa, na anayeshika mkia kwenye msimamo hutangulia. Kwa hiyo usiangalie winga peke yake. Angalia waliokutangulia wana pengo wapi. Kama wawili walio mbele yako wamepoteza mabeki, winga wako huenda akakufikia salama. Ukiwa kinara wa ligi, uko nyuma ya wote: omba mapema yule ambaye jina lake halijaanza kutajwa. Maombi yakishapita, waliobaki ni wa anayewahi.

Na saa ziandike ukutani. Mechi ya kwanza ikiwa Jumamosi saa 8:30 mchana kwa saa zetu, dirisha linafungwa dakika 90 kabla, saa 7:00 mchana. Maombi basi ni mwisho Ijumaa saa 7:00 mchana, wakati wengi bado wako shambani. Kukiwa na mechi ya Ijumaa usiku, maombi yanaisha Alhamisi. Weka lako usiku wa kuamkia siku hiyo, usisubiri mtandao ukukatikie. Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kuanzia hapo, saa saba ya Lufingo inakuwa saa nane.