Kasha Ndilo Linalochagua Kadi

Ukiingia duka la kompyuta Luthuli Avenue au Moi Avenue jijini Nairobi kutafuta kadi ya grafiki, swali la kwanza utakaloulizwa ni una pesa ngapi. Swali hilo lingefaa kuja la tatu. La kwanza ni kasha la kompyuta yako lina nafasi gani, na la pili ni pawa saplai yake inatoa wati ngapi. Kwa kompyuta kuukuu, mambo hayo mawili huondoa kadi nyingi kwenye rafu kabla bei haijatajwa. Wanunuzi wengi hugundua hivyo wakiwa wameshafika nyumbani.

Mashine ninayoichambua hapa ni Dell OptiPlex 7010 ya kasha jembamba, yenye prosesa ya Core i5-3470 ya mwaka 2012. Ni ya mpwa wangu wa Kangemi, anayehariri video za harusi, ruracio (sherehe za mahari) na mazishi. Nairobi imejaa mashine za aina hiyo, zile ex-UK zilizotumika maofisini huko ng'ambo kisha zikasafishwa na kuletwa kuuzwa huku: OptiPlex za kila namna, HP Compaq 8200 Elite, EliteDesk 800 G1. Nazithamini sana. Zimewapa kazi vijana ambao wasingeweza kununua kompyuta mpya, na ndiyo maana inaniuma kuona mtu akizitilia kadi isiyozifaa.

"Mjomba, ni klipu za simu zinazonisumbua," aliniambia. Video za kamera yake ya zamani zilicheza bila shida, ila zile alizotumiwa na wageni kutoka kwenye simu zao zilikwama kila sekunde mbili. Malalamiko hayo yana thamani kuliko jedwali lolote la kupima kasi, maana yanaonyesha ugonjwa uko wapi. Simu nyingi siku hizi hurekodi kwa HEVC, kiwango cha kubana video; iPhone zimekuwa zikifanya hivyo tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Kiwango hicho kilikamilishwa mwaka 2013, na prosesa yetu ilitoka 2012. Grafiki iliyo ndani yake, Intel HD 2500, ina saketi ya kufungua H.264, lakini ya HEVC haina. Basi kila fremu inafunguliwa na viini vinne vya prosesa kwa nguvu zake vyenyewe, na huku programu ya kuhariri inavidai viini hivyo hivyo.

Kwa hiyo hatukuwa tunatafuta kadi ya kuchezea GTA. Tulitaka kadi yenye saketi mbili: moja ya kufungua HEVC, nyingine ya kubana video ya mwisho inapotolewa. Kigezo hicho kiliangusha majina makubwa. GTX 750 Ti ya 2014, ambayo mafundi wengi huisifu kwa kula wati 60 tu, haina saketi kamili ya HEVC. Quadro K620 imejengwa juu ya chipu ile ile, kwa hiyo nayo ikatoka. GT 1030 inafungua HEVC vizuri kwa wati 30, lakini haina kabisa saketi ya kubana. Hiyo ina hila nyingine pia: ile ya mwaka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, na mwaka 2018 ikatoka ya DDR4 inayopitisha 16.8 tu, kwa jina lile lile. Usiinunue kabla hujasoma maandishi madogo kwenye boksi.

RX 6400 ya mwaka 2022 ndiyo iliyotufikirisha zaidi, kwa sababu ni changa, ni nyembamba na inakula wati 53. Lakini AMD hawakuiwekea saketi ya kubana video. Isitoshe, inatumia njia nne tu za PCIe (kiunganishi cha kadi na madabodi), zilizokusudiwa kwa kasi ya kizazi cha nne. OptiPlex 7010 ni ya kizazi cha tatu, kwa hiyo njia hizo nne zinapitisha nusu ya kilichokusudiwa. Kwenye mashine yenye prosesa ya 2011, kama i5-2400, ni kizazi cha pili, na hapo inabaki robo.

Sasa umeme. Pawa saplai ya 7010 ya kasha jembamba ni ya wati 240. Prosesa imekadiriwa wati 77. Madabodi, RAM, diski na feni tuzipe 40. Zimebaki 123. Mtu akikuuzia GTX 1060 ya wati 120, hesabu inafika 237, na kwenye karatasi inaonekana imeingia. Kwa pawa saplai iliyofanya kazi zaidi ya miaka kumi, na stima yetu inayopanda na kushuka, mimi siwezi kumshauri mtu aijaribu. Tena GTX 1060 inahitaji plagi yake ya pini sita, ambayo mashine hii haina. Hapo ndipo utapewa waya wa kugeuza, unaotoa umeme kwenye plagi ya diski ya SATA. Ukatae. Plagi ya SATA imeruhusiwa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, lakini pini sita zinaweza kudai 75. Plagi hizo huweza kupata moto hadi plastiki ikayeyuka, na kompyuta iko chini ya meza ya mbao kwenye chumba anacholala mtu.

Kubadilisha pawa saplai si njia rahisi kama inavyosemwa. Ya kasha jembamba ina umbo lake maalumu, na ile ya kawaida ya dukani haiingii. Kwenye OptiPlex 9020 hata plagi ya madabodi ni ya Dell wenyewe, pini nane badala ya 24, na HP ya EliteDesk 800 G1 ina yake ya pini sita. Hivyo tulibaki na umeme unaotoka kwenye sloti yenyewe, ambao kwa kanuni ya PCIe hauzidi wati 75. Mimi nilitaka tubaki chini ya 50, ili pawa saplai ipate pumzi.

Kilichobaki baada ya mchujo huo ni kadi zilizotengenezewa kompyuta za wahandisi na wachoraji, ambazo wacheza gemu huzipita bila kuziangalia. Tulichagua Quadro P1000: wati 47, kumbukumbu ya gigabaiti 4, viini 640 vya CUDA, urefu wa nusu, unene wa sloti moja, haina plagi ya ziada. Inafungua HEVC, hata ya biti 10, na ina saketi ya kubana ambayo Premiere Pro, programu anayohariria mpwa wangu, imeweza kuitumia tangu mwaka 2020. GTX 1650 ya urefu wa nusu ina nguvu kuizidi, lakini inakula hadi wati 75 na huwa nene kiasi cha kuziba sloti mbili, na bajeti yetu ya shilingi 12,000 isingetosha.

Dukani tulisisitiza jambo moja: kadi ichomekwe kwenye mashine ya muuzaji na isomwe kwa programu ya GPU-Z, ambayo tulikuwa nayo kwenye flashi. Kadi bandia zipo sokoni duniani kote, hasa zenye jina la GTX 1050 Ti, na ndani ni chipu ya GTS 450 au GTX 550 Ti ya miaka ya 2010 na 2011 iliyoandikwa upya ili idanganye Windows. GPU-Z huzitambua nyingi na kuziandika kuwa ni bandia. Macho nayo yanasaidia. Kizazi cha Pascal, ambamo 1050 Ti imo, hakitoi tena ishara ya analogi, kwa hiyo ukiona "1050 Ti" yenye tundu la buluu la VGA, irudishe mezani. Muuzaji mwenye kadi halali hanuni ukitaka kupima. Aandike namba ya kadi kwenye risiti, ndipo ulipe kwa M-Pesa.

Kuna vitu viwili vidogo ambavyo vingetukwamisha. P1000 ina matundu manne ya mini DisplayPort na hakuna HDMI, kwa hiyo adapta lazima iingie kwenye bajeti. Na bati la kuishikiza kadi kwenye kasha lazima liwe lile fupi. Kadi zilizotumika mara nyingi huja na refu peke yake, nalo haliingii. Ulizia bati kabla ya bei.

Pesa iliyobaki ilienda kwenye RAM. Mashine ilikuwa na kijiti kimoja cha DDR3, kinachopitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Tukaongeza cha pili kinachofanana nacho, njia zikawa mbili na kiwango kikawa 25.6. Mtu mwenye kijiti kimoja angeanzia hapo hata kabla ya kufikiria kadi.

Klipu za simu sasa zinacheza bila kukwama, na prosesa ina nafasi ya kufanya kazi yake. Mashine haijawa mpya: prosesa yake haina AVX2, seti ya amri iliyoanza na prosesa za Intel za 2013, kwa hiyo programu zinazoidai hazitafunguka, na mpwa wangu atabaki na toleo la Premiere alilo nalo. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hii haimo katika orodha ya Windows 11. NVIDIA nao wameshaacha kuboresha programu endeshi za Pascal, ambayo ndiyo kizazi cha P1000 pia. Kadi za GeForce za kizazi hicho zitapata viraka vya usalama hadi Oktoba 2028. Mwenye bajeti kubwa kidogo atafute T600, ambayo ni ya kizazi cha Turing, wati 40, gigabaiti 4, inayoingia kwenye kasha hili hili na baadaye kuhamia kwenye mashine nyingine.