Kamera Isiyojua Kuposti

Tuanze na ukweli: Flip Video haikuwa kamera kali. Nasema hivi kwa sababu siku hizi kila kifaa cha miaka ya 2000 kinasifiwa bila kuangaliwa. Marafiki zangu wanasaka kamera za zamani wapate ile rangi iliyofifia, halafu wanahamishia picha kwa simu na kuziposti jioni hiyo hiyo. Wanapenda rangi yake, lakini jinsi ilivyofanya kazi hawana haja nayo.

Flip Ultra ya 2007 ilitoshea mfukoni na ilitumia betri mbili za AA. Ilirekodi dakika 60, basi. Haikuwa na mahali pa kuweka memori kadi. Ukivuta picha karibu, ilivurugika. Usiku ilikupa chengachenga. Lakini ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa chekundu, na hata mtu asiyewahi kushika kamera alijua la kufanya. Ubavuni kulikuwa na mkono wa USB uliofyatuka kama kisu cha kukunja; ukauchomeka kwa kompyuta, na programu ya kukata na kutuma video ilikuwa tayari ndani ya kamera yenyewe.

Kwangu, ubora wake uko hapo kwa ule mkono. Kamera yenyewe haikuweza kutuma kitu. Lazima urudi nyumbani, uchomeke, uangalie. Kati ya kurekodi na kushare kulikuwa na safari, na safarini watu walipata nafasi ya kusema neno.

Binamu yangu aliinunua ya mtumba Luthuli Avenue. Tukaenda nayo ushago, tukamrekodi shosho akichambua maharagwe. Mwanzoni alikaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, kisha akasahau kamera. Akaanza kusimulia mambo ya shamba, na ugomvi wake na ndugu yake. Jioni tulikaa naye mbele ya laptopu tukaangalia yote. Alicheka alipojiona. Tulipofika kwa ule ugomvi akanyamaza, kisha akasema, "Hapo toeni, wajukuu wangu. Hayo ni ya nyumbani." Tukatoa.

Kwa simu, shosho hangeulizwa. Tungekuwa tumeshaiweka status kabla maharagwe hayajaiva, na ule ugomvi ndio ungepata views.

Najua kuna upande wa pili. Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji walipoingia Bungeni kupinga Muswada wa Fedha, nchi iliona mengi kupitia simu zilizokuwa zikirusha moja kwa moja. Siku hiyo kungoja mpaka ufike nyumbani kungekuwa hatari: kamera inaweza kunyang'anywa, na mwenye kamera pia. Ushahidi unataka haraka. Anayesema simu imeharibu kila kitu hakuwa makini mwaka huo.

Shida ni kwamba tumeichukua haraka ya ushahidi tukaipeleka jikoni, kwa matanga, kwa mtoto anayelia. Kila mtu anarekodiwa kana kwamba ni tukio la umma.

Flip haikufa kwa sababu ilishindwa kazi yake. Kampuni ya Cisco iliinunua mwaka 2009 kwa takriban dola milioni 590, na Aprili 2011 ikaifunga. Simu zilikuwa zimeanza kurekodi na kutuma kwa pamoja, na nani atabeba vifaa viwili?

Ile video ya shosho bado ninayo. Inaruka ghafla kutoka shamba hadi kwa maharagwe yakimwagwa sufuriani. Shosho ameshatutoka, na kuna siku natamani kusikia tulichokata. Halafu nakumbuka aliyeomba tukate ni yeye, na kwamba aliombea pale pale, akiwa ameketi kando yangu.