Slaidi za Bure na Andalio la Somo

Walimu vijana siku hizi wanazisifu sana zana za intaneti, kama vile Smallpdf na iLovePDF, ambazo hupokea faili la PDF na kulirudisha likiwa slaidi za kuhaririwa. Mtu huweza kuzitumia kwa kiasi fulani bila kulipa hata senti. Yafaa tuzipime kama tupimavyo zana yoyote ya kufundishia: zinafanya nini, na zinamwachia mwalimu kazi gani?

Kwanza tuzitendee haki. PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vile vile katika kila kompyuta. Haikukusudiwa kufumuliwa. Mara nyingi ndani yake hamna aya wala jedwali. Mna maagizo tu kwamba herufi hii ikae hapa, mstari ule upite pale. Kwa hiyo programu ya kugeuza hukisia. Penye ukurasa mwepesi hukisia vizuri, na kumwokolea mwalimu saa nzima ya kupiga chapa. Penye safu mbili au fomula za hisabati, maneno huchanganyika na sentensi hukatika vipande. Ukurasa uliopigwa picha ni mgumu zaidi, kwani kwa kompyuta ni picha tu mpaka herufi zake zitambuliwe.

Pili, faili hilo kwa kawaida husafiri hadi kwenye kompyuta za wenye zana. Mtihani ambao haujafanywa, au orodha ya alama za wanafunzi, visipelekwe huko. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Mwalimu naye anahusika.

Lakini hoja yangu kubwa ni ya tatu. Kitabu huandikwa kisomwe polepole. Slaidi hutazamwa mara moja huku mwalimu akisema. Chukua somo la usanisinuru. Ukurasa wa kitabu una maana, mlinganyo, mchoro na jaribio la jani na aidini. Zana huvibandika vyote ukutani. Mwalimu aliyejiandaa angeonyesha mchoro peke yake, mlinganyo angeuandika ubaoni hatua kwa hatua, na jani angewapa wanafunzi walishike, kisha waone wenyewe likigeuka rangi ya buluu iliyokolea.

Kuchagua huko ndiko kuandaa somo. Katika miaka yangu ya kukuza walimu chuoni, nilimtambua mwanachuo aliyejiandaa kwa yale aliyoyaacha, kwa kuwa huwezi kuacha jambo kabla ya kulielewa. Zana hii haiachi kitu, maana haielewi kitu.

Basi itumike kuchomoa mchoro au jedwali lililo zuri. Baada ya hapo mwalimu afunge kompyuta, achukue kalamu, na aandike andalio lake.