Pumziko la Mume na Mke katika Utendi wa Mwana Kupona

Katika miji mikubwa ya Afrika ya Mashariki imekuwa desturi siku hizi kwa mume na mke wenye kipato cha kutosha kuihama nyumba yao kwa siku mbili kila baada ya majuma kadhaa. Ijumaa jioni wa Dar es Salaam huelekea Bagamoyo, au huvuka bahari kwenda Unguja; wa Nairobi huteremka Naivasha, ama hupanda treni ya Mombasa iliyoanza kazi mwaka 2017; na wenye uwezo zaidi huruka kwa ndege hata Lamu. Wakiulizwa waendako, hujibu kwamba wanakwenda kupumzika. Jibu hilo limezoeleka mno hata hakuna alipimaye. Lakini ndani yake mna hukumu juu ya nyumba, kwa kuwa yeye asemaye kwamba huenda mahali pengine kupumzika amekwisha kukiri kwamba kwake hapumziki.

Visiwa vya Lamu na Pate, ambavyo kimoja chao kimekuwa kimbilio kubwa la wageni wa namna hiyo, ndivyo vilivyouzaa Utendi wa Mwana Kupona, na katika utendi huo swali la pumziko la mume na mke liliulizwa zamani. Mtungaji wake, Mwana Kupona binti Mshamu, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, ambaye kwa miaka mingi alishindana na Seyyid Said wa Unguja. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858 mjane wake, akiwa ameshikwa na maradhi kwa muda mrefu, alimwita binti yake Mwana Hashima aje akae karibu naye na wino na karatasi, akamtungia mawaidha ya beti 100 na zaidi kidogo. Umbo la utendi ni lile lijulikanalo: mishororo minne ya mizani 8, mitatu ya kwanza ikilingana kwa kina chake, na wa nne ukichukua kina kinachorudi ubeti kwa ubeti hata mwisho.

Wasomaji wa utendi huu wamekuwa wa namna mbili. Wa kwanza huusoma kama sheria ya ndoa: mke amtii mume, asitoke bila ruhusa, amtunze kwa chakula na manukato, apate radhi yake duniani na akhera. Chapa ya Alice Werner na William Hichens ya mwaka 1934 iliutia utendi katika njia hiyo tangu jaladani, kwa kuupa jina la Kiingereza linaloutaja kuwa ni mawaidha juu ya wajibu wa mke. Wa pili huuona kuwa ni wimbo wa utumwa wa mwanamke, wa kuhifadhiwa kwa lugha yake na kuachwa kwa maana yake. Mwaka 1991 Ann Biersteker aliuliza kama makundi haya mawili hayakosei pamoja kwa kuyachukua maneno ya Mwana Kupona juujuu tu, akaonyesha kwamba mna ndani yake sauti inayoweza kusikika kuwa ni kejeli. Hoja hiyo ni ya nguvu, hasa penye ubeti unaomtaka binti amchunge mumewe kama mtoto asiyejua kusema. Mtu anayetunzwa hivyo si rahisi kumwita bwana kwa maana kamili ya neno hilo.

Hata hivyo liko jambo ambalo wasomaji wote hao wamelipita upesi. Utendi huu, katika sehemu yake ya ndoa, umejengwa juu ya mlango. Karibu kila agizo kubwa linahusu mtu anayetoka au anayeingia. Mume akitoka, na aagwe. Akirudi, na apokewe kwa uso wa furaha. Kisha atandikiwe mahali pa kukaa atulie. Mke naye akitaka kutembea, na aombe ruhusa; njiani asifunue shiraa, na macho yake yaelekee chini; asichelewe huko hata ikapita saa nne; na arudi upesi akae na mumewe na kutengeneza matandiko, ili wote wawili wapumzike. Hata mali ya nyumba hutajwa kwa njia hiyo hiyo: mke aangalie kitokacho na kiingiacho. Si nyumba iliyofungwa inayoelezwa hapa, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Ni nyumba yenye mwendo, na adabu yake yote imewekwa penye kizingiti.

Mpango huu si wa ushairi peke yake. Anayezijua nyumba za mawe za Lamu hujua kwamba zilijengwa kwa fikira iyo hiyo. Mgeni huishia kwenye daka, mbele ya mlango. Ndani yake ni kiwanda kilicho wazi kwa mbingu. Na kutoka hapo vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa cha siri kuliko kilichotangulia, mpaka kufika ndani, ambako ndiko kwa mke. Juu ya vichochoro hujengwa wikio linalounga nyumba na nyumba, na wanawake waliweza kupita humo kwenda kwa jamaa zao bila kushuka njiani. Kwa hiyo kutembea kulikuwapo, na kulijengewa njia yake. Shiraa lenyewe, kitambaa kilichochukuliwa juu ya miti na kumzunguka mwanamke alipokwenda mjini, lilikuwa kama chumba kinachotembea. Mwanamke wa cheo alitoka pamoja na nyumba yake.

Katika mwendo huo wa kutoka na kurudi, Mwana Kupona alitumia neno moja linalostahili kuangaliwa, nalo ni kupumua. Katika lahaja za kaskazini neno hili hubeba maana ya kupumzika pamoja na ile ya kuvuta pumzi. Siku hizi Kiswahili sanifu kimeyatenga mambo hayo mawili: mtu hupumua mahali popote, na hupumzika mahali maalum. Katika nyumba ya Mwana Kupona hayajatengana. Kupumzika ni kupata pumzi, na pumzi huhitajiwa kila siku. Haiwekwi akiba mpaka mwisho wa juma. Ndiyo sababu maagizo yake hayasemi habari za sikukuu wala za safari ya starehe. Yanasema habari za alasiri moja baada ya nyingine: kuandaa chakula, kuusinga mwili, kuchonga ndevu, kufukiza udi asubuhi na jioni, kukaa karibu na aliyelala bila kupaza sauti.

Msomaji wa leo huyaona mambo haya kuwa mazito, na ni haki yake. Lakini na apime vema uzito huo ni wa nini. Mwana Kupona hakusema kwamba pumziko hupatikana kwa kuwa mume na mke wanapendana, wala kwa kuwa nyumba ni nzuri. Alisema kwamba pumziko ni kazi: lina mikono inayolifanya, lina saa zake na vyombo vyake, na likikosa wa kulifanya halipo. Ukweli huu ndio unaofichwa na desturi ya siku mbili za ufukweni. Wawili wanaofika hotelini hukuta kitanda kimetandikwa, sakafu imefagiwa na chakula kimepikwa, wakadhani kwamba utulivu umeletwa na bahari. Bahari haitandiki kitanda. Walichonunua ni zile zile beti za Mwana Kupona, zikitekelezwa na watu wasiowajua.

Hapa ndipo utendi unapodai kuhukumiwa kwa ukali zaidi kuliko ulivyozoea kuhukumiwa. Katika agizo la mume aliyelala, mtungaji anataka pasikosekane mtu wa kumpepea. Mtu huyo hakutajwa jina wala cheo. Yawezekana ni mke mwenyewe. Yawezekana ni mwingine. Na utendi unao hao wengine: binti anaambiwa asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Ubeti huo husomwa haraka, kwa sababu unaaibisha. Lakini bila ya huo utendi haueleweki. Nyumba ya Siyu ya mwaka 1858 ilikuwa nyumba yenye watumwa, na katika pwani ya Kenya hali ya utumwa haikufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Basi pale Mwana Kupona anapoeleza kazi nyororo ya mke, kazi nzito imekwisha kufanywa na mtu mwingine nyuma ya ukuta. Maji yamechotwa, nafaka imetwangwa, na shiraa lina wa kulichukua. Mke anafunzwa sanaa ya kumpokea mume kwa kuwa amepunguziwa mzigo na mtu asiye na mlango wa kutokea.

Kwa sababu hii wote wawili, wanaousifu utendi na wanaoulaumu, wamehesabu watu wawili katika nyumba ambamo walikuwamo watatu. Aliyeusifu alimwona mume aliyestarehe na mke mwema. Aliyeulaumu alimwona mume mkubwa na mke mnyonge. Mpepeaji hakuhesabiwa na yeyote. Hali hiyo haijapita pamoja na utumwa. Katika nyumba nyingi za mjini leo, mume na mke hurudi kazini wote wawili, tena wamechoka sawasawa, wakabishana ni nani kati yao aliyestahili kupokewa na nani aliyepaswa kupokea. Na wakati wa ubishi huo yuko msichana wa kazi jikoni ambaye hakuna aliyemwuliza kama amechoka. Siku ya Ijumaa wawili hao hufunga safari ili wakasahau ugomvi wao, naye huachiwa nyumba na watoto.

Si haki, lakini, kuufungia utendi katika aibu hiyo peke yake. Upo upande mwingine, nao ni mfupi: beti chache ambamo mama anaacha kuagiza akasimulia. Anamwambia binti yake jinsi alivyokaa na baba yake: palikuwa na kicheko, hawakuvunjiana heshima, hawakugombana hata siku moja; yeye hakupata ubaya kwa mumewe, wala mumewe hakupata ubaya kwake; na mauti yalipomfikia, mume alirudia kusema kwamba yu radhi naye. Lugha ya beti hizi si ile ya maagizo. Katika maagizo kitendo kina upande mmoja: mke hufanya, mume hufanyiwa. Katika ushuhuda, vitenzi hugeuka vikawa vya kutendana, na kila wema una pande mbili. Basi mama aliyemwamuru binti yake atoe, mwenyewe alikuwa amepewa.

Ikumbukwe pia mume huyu alikuwa ni nani. Bwana Mataka hakuwa mtu wa kutoka kwenda barazani tu akarudi. Alikuwa mpinzani wa mtawala mwenye merikebu na askari, na kuagana naye mlangoni hakukuwa adabu tupu. Mtungaji alijua kwamba yuko atakayetoka siku moja asirudi, naye aliandika akiwa mjane, na mgonjwa, karibu na kutoka kwake mwenyewe. Ndiyo maana utendi unashikilia kizingiti kwa nguvu namna hii. Kila anayetoka na aagwe vizuri, kwa kuwa kurudi hakuna ahadi. Na kila anayerudi na apokewe kwa furaha, kwa kuwa angaliweza kutorudi. Katika jambo hili maagizo na ushuhuda hukutana.

Kasoro ya utendi, basi, haiko katika kazi inayoiamuru, bali katika kuigawa. Kuaga, kupokea, kutandika, kupepea na kunyamaza mwenzako alalapo ni mambo ambayo hakuna nyumba inayoweza kudumu bila hayo. Lakini katika maagizo mikono yote imekuwa ya mmoja, na nyuma ya mikono hiyo imefichwa mingine. Shaaban Robert alipotunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake alifuata njia ya Mwana Kupona; lakini aliongeza jambo, kwa kumtungia mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Kwamba mwana wa kiume naye apewe karatasi ya kusoma kabla ya kuingia duniani ni hatua kubwa kuliko inavyosemwa. Imebaki kumfundisha kusimama mlangoni akipokea, na si kuingia tu.

Mwalimu anayeusomesha utendi huu hana haja ya kuuombea radhi, wala ya kuutukuza. Na awaonyeshe wanafunzi ubeti wa upepo, awaulize ni nani anayepepea. Watakaojibu kwamba ni mke watakuwa na hoja; watakaojibu kwamba ni mtumwa watakuwa na hoja pia. Kisha na waulizwe habari za kwao: Jumapili jioni, mume na mke wanaporudi kutoka Naivasha au Bagamoyo na mizigo yao, ni nani anayewafungulia mlango, na yeye alipumzika lini?